Bangili Saba za Bi Kengele

Kwa Sajini, kesi ya Bi Kengele ilikuwa imekwisha kabla ya chai ya saa mbili, Jumatatu. Muuaji yumo mahabusu, jalada liko mezani, na saa nane mchana gari litakuja kumpeleka mahakamani kusomewa shtaka la mauaji. Ilibaki sahihi ya Inspekta tu. Inspekta naye alikuwa anapuliza chai.

"Saini basi, afande," Sajini alisema. "Mtaa mzima ulimsikia. Alimwambia marehemu, hadharani, 'Hiyo dhahabu itakuja kukutoa roho!' Haya, imemtoa. Tunangoja nini?"

"Alimwambia lini?"

"Wakati ule kiwanda kimefungwa."

"Miaka minne iliyopita. Ana subira kuliko mimi huyo."

Kituoni Inspekta walimwita Mama Taratibu, zamani wakimsengenya, siku hizi hata machoni pake. Hakujali. Sajini alikuwa na miezi saba tu kabla ya kustaafu, na hakuna alichokitaka duniani zaidi ya kesi fupi.

Na kwa kweli hii ilionekana fupi. Jumamosi saa tatu asubuhi, Bi Kengele, msimamizi wa washonaji wa kiwanda cha nguo, alikutwa amekufa chini ya ngazi za jengo alilokuwa akiishi, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa saruji. Bangili zake saba hazikuwepo mkononi. Aliyekuwa amepiga magoti kando yake, viganja vimejaa damu, ni Fundi Viatu, mzee anayeshona soli hapo hapo chini ya ngazi. Alisema alisikia kishindo akakimbia kumwinua. Watu wakasema mwongo. Watu walikuwa na sababu zao, maana bangili zile ziliwachoma macho miaka mingi.

Kiwanda kilipofungwa, kila mwanamke mtaani aliuza alichokuwa nacho. Walianza herini, zikafuata pete, vikafuata vyerehani. Mwisho waliuza vitanda. Bi Kengele peke yake hakuuza kitu. Alipanga foleni ya unga na bangili saba mkononi, cheng cheng cheng, unamsikia kabla hujamwona, ndipo jina likamganda. Hata alipopita na sufuria tupu bangili zililia. Wengine walimtemea mate nyuma yake. Fundi Viatu, ambaye siku hiyo watoto wake walikuwa wamelala na maji ya moto tumboni, ndipo alipotoa maneno yale. Kiwanda kilifunguliwa tena, watu wakaanza kununua sukari kwa kilo badala ya kijiko, lakini bangili hazikusamehewa.

"Mkoba wake uko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Stoo ya vielelezo. Haukuguswa. Funguo zimo, hela kidogo zimo."

"Mwizi kaua mtu kwa dhahabu, kauacha mkoba?"

"Haraka, afande."

"Haraka, lakini kazivua bangili saba moja moja." Alifungua jalada, akasoma kwa sauti maelezo ya mdogo wake marehemu, yaliyoandikwa Jumamosi mchana: "'Bangili zilikuwa za mama yetu. Zilimbana sana dada. Hazikutoka bila sabuni.' Sasa, Fundi Viatu alikuwa na sabuni?"

Sajini alivaa kofia yake. Alijua wameshatoka.

Mhudumu wa chumba cha maiti alikuwa mtu wa miaka mingi katika kazi ile, na utani wake ulikuwa wa huko huko. "Mna haraka?" aliwauliza. "Maana mgeni wenu hana."

Alifunua shuka. Sajini, ambaye alikuwa amemwona Bi Kengele akipita mitaani mara mia, alirudi hatua moja.

"Siye huyu."

"Ndiye," mhudumu alisema. "Hata mimi nilishangaa. Alivaa magauni mawili, na shati nene la kiume ndani yake. Nimevua nguo mpaka nikadhani ndani hamna mtu. Kilo arobaini na moja."

Inspekta alikuwa ameshika mkono wa kulia. Hakukuwa na mchubuko wala mkwaruzo. Kwenye kifundo ngozi ilikuwa na kivuli cha kijani, duara zima. Juu yake kidogo kulikuwa na mpira mwembamba, ule wa kufungia mafungu ya karatasi.

"Huu mlimfunga ninyi?"

"Alikuja nao."

Aliuvuta ukateleza hadi kwenye kifundo, ukasimama hapo. Aliviringisha karatasi ikawa kama bangili, akaipitisha mkononi mwa marehemu. Iliingia na kutoka bila kugusa ngozi. Alipoisukuma juu na kuweka mpira chini yake, ilikaa.

"Alikuwa anazizuia zisianguke," alisema. "Sajini, andika. Mtu aliyeambiwa hazitoki bila sabuni, akizivuta, atavuta kwa nguvu zake zote. Sivyo?"

"Lazima."

"Na hizi zingetoka hata ukizipuliza."

Sajini aliandika. Kisha aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, kwa nini mwenye mshahara afe njaa.

Chumba cha Bi Kengele kilikuwa ghorofa ya tatu. Kilikuwa kisafi, kitupu, kitanda kimoja na viti viwili. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai vilivyoganda utando. Kimoja kilinywewa nusu. Cha pili hakikuguswa.

"Mgeni aliyemfungulia mwenyewe," Inspekta alisema, "na akakataa chai yake. Mwizi hakaribishwi chai. Na wewe, ungekuwa umekasirika na mtu, ungekunywa chai yake?"

"Ningekunywa kwanza," Sajini alijibu, "halafu nikasirike."

Kwenye dirisha Inspekta alikuta vichupa vitano vya rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, inayong'aa tu. Vinne vitupu. Sajini aliviangalia akasema wanawake na mapambo yao, msiba tu. Inspekta alimuuliza kama aliona kucha za marehemu pale hospitali. Zilikuwa fupi, kavu, za mshonaji.

"Sasa hii yote alipaka wapi?"

Sajini hakujua, na Inspekta hakumwambia. Alikuwa ameshawahi kununua herini za bei rahisi ujanani, na alijua mtu hupaka wapi.

Ndani ya mkoba, stoo, walikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mhuri wa sonara wa mtaa wa soko, na duara moja lililochorwa kwa penseli. Hakuna maneno. Inspekta alipitisha vidole vyake ndani ya duara. Ulikuwa mkono mdogo, mdogo kuliko hata ule mkono uliokonda wa hospitali. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro robo.

Sonara alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni nyingine kwenye paji la uso. Alipoona sare alifunga droo, na alipoona karatasi aliifungua tena.

"Nilimngoja Jumamosi," alisema. "Alisema saa sita. Baadaye ndiyo nikasikia."

"Alikuwa anakuja kufanya nini?"

Mzee alitoa kifurushi cha pamba, akakifunua juu ya meza. Bangili tatu, nyembamba, za manjano iliyokolea. Alichukua moja, akaikwaruza kwenye jiwe jeusi la kupimia, ikaacha mstari. Akadondosha tone la tindikali. Mstari haukubadilika.

"Dhahabu," alisema. "Sasa tazama hii." Alitoa kipande kingine, cha bangili iliyokatika, akafanya vile vile. Mstari ulitoa povu la kijani, ukafutika. "Shaba. Nilizichovya dhahabu juu juu tu. Nilimtengenezea saba kama hii, mwaka ule kiwanda kilipofungwa. Hiki ni kipande cha moja iliyokatika, nikambadilishia."

"Na zile za kweli?"

"Nilizinunua mimi, moja moja. Mama yake alikuwa kitandani, figo. Kila akipelekwa hospitali, bangili moja inakuja hapa. Kabla ya kuniachia alinipa sharti, kwanza nimpe ya shaba aivae, ndipo achukue pesa. Mama alikuwa macho yameshazimika. Kila asubuhi anamshika mkono anazihesabu kwa vidole. Zikitimia saba analala. Anajua nyumba bado imesimama." Mzee alivua miwani moja, akavaa ya pili, akaivua nayo. "Alikufa akijua zipo saba."

Sajini alikuwa amesogea karibu na meza bila kujijua.

"Lakini mtaa mzima, mzee wangu! Watu walimtukana."

"Ndugu yangu, mtaa mzima ulimwita Bi Kengele, na hakuna aliyejiuliza kwa nini." Aligonganisha bangili mbili za dhahabu. Zililia kwa sauti nzito, fupi, ikafa hapo hapo. Kisha aligonga kile kipande cha shaba kwa kucha, kikalia cheng, sauti ikaenda mpaka mlangoni. "Dhahabu safi haina kelele. Alipokuwa na za kweli alikuwa anapita kimya kama mtu mwingine yeyote. Jina alilipata alipokuwa hana kitu. Mimi kila nikimsikia anapita hapo nje nilikuwa naona aibu."

Inspekta alikuwa anapitisha mkono wake kwenye moja ya zile tatu. Iligoma kwenye kidole gumba.

"Hizi si kipimo chake."

"Si chake. Mama aliacha neno kwamba tatu ni za mdogo mtu, atapewa siku atakapoolewa, nne za mkubwa. Kiwanda kilipofunguliwa alikuja akaniambia, mzee, tunaanza kuzirudisha. Nikamwambia anza na zako polepole. Akasema hapana, kwanza za mdogo. Amelipa miaka miwili, sijui alikuwa anakula nini. Ya tatu nilimaliza Ijumaa."

"Kwa nini hakumwambia mdogo wake tu?"

"Nilimuuliza. Alisema ukimwambia mtu umemfanyia kitu, umeshaanza kumdai."

Kwenye gari Sajini hakuwasha injini. Alikaa ameshika usukani.

"Arusi ya mdogo mtu lini?" Inspekta aliuliza.

"Jumamosi hii."

"Twende."

Mdogo wake marehemu alikuwa mwalimu wa chekechea. Aliishi vyumba viwili nyuma ya shule, na siku hiyo vilijaa wanawake waliokuja kumpa pole. Inspekta naye alitoa pole kama inavyopaswa, akaketi na wengine kidogo, kisha akaomba wazungumze faragha. Waliingia chumba cha ndani. Gauni la arusi lilikuwa limetundikwa mlangoni, limefunikwa shuka. Bibi arusi alikuwa mdogo wa umbo, macho yamevimba. Kilio chake hakikuwa cha kuigiza, Inspekta aliliona hilo mara moja, na halikumpa nafuu.

"Mmempeleka mahakamani yule mzee?" mwalimu aliuliza.

"Saa nane. Nimebakiza swali moja la kumalizia jalada. Zile bangili, ulisema zilimbana?"

"Tangu nikiwa mdogo. Mpaka apake sabuni."

"Basi ndivyo tulivyodhani. Yule mzee ana koleo la kung'olea misumari. Tunaandika kwamba alizikata, akazitupa mtaroni."

"Hazikukatwa."

Alilisema haraka, kama mtu anayemsahihisha mtoto darasani. Halafu alisikia alichokisema. Chumba cha pili wanawake walikuwa wanazungumza, mtu akaomba maji. Sajini alitazama sakafu.

"Umejuaje, mwanangu?" Inspekta aliuliza.

Mwalimu alisimama, akainama chini ya kitanda, akavuta sanduku la viatu vya arusi. Ndani ya kila kiatu kulikuwa na soksi, na ndani ya soksi bangili. Aliziweka kitandani, nne, halafu tatu. Zililia.

"Tatu ni zangu," alisema. "Mama alisema. Sikumwibia. Zile nne ningemrudishia." Kisha akakaa sakafuni. "Nilikaza kuzivuta kwa sababu najua hazitoki. Nilizivuta kwa mikono miwili. Zikatoka zote mara moja, kama... zikatoka tu, afande, na yeye akaenda chini. Nilishuka nikamwita. Nikasikia mtu anakuja, nikapitia mlango wa nyuma."

"Na Fundi Viatu?"

"Kila siku najiambia kesho nitakwenda kusema."

"Kesho ya mzee ilikuwa leo saa nane."

Alitikisa kichwa kukubali. Inspekta alimwonyesha Sajini mlango kwa macho, naye akatoka kwenda kupiga simu kituoni, mzee aachiwe, apewe na viatu vyake. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Hapo kazi ya Inspekta ilikuwa imekwisha. Angeweza kumfunga pingu, akaandika maelezo, mengine akayaacha yasomwe na wakili mbele ya watu. Aliwaza hilo kwa muda wa kutosha kufungua mkoba wake. Kisha alitoa kifurushi cha pamba alichokabidhiwa na sonara, akaketi sakafuni pamoja naye, na kumweleza yote, kuanzia figo za mama mpaka shati la kiume chini ya magauni mawili. Alimwonyesha rangi ya kucha inavyobanduka ndani ya zile saba, na ukijani ulio chini yake. Hakupamba wala hakupunguza. Mwalimu alisikiliza mikono ikiwa mapajani kama mwanafunzi.

"Mama alitibiwa bure," alisema. "Dada aliniambia. Kuna mfuko wa wagonjwa maskini."

"Haukuwepo."

"Nilikuwa namwambia ana roho ngumu. Nilimwambia mbele ya kaburi la mama." Alichukua moja ya zile tatu. Ilipita mkononi mwake bila shida na kukaa mahali pake, na kelele haikutoa. Aliivua kama inayomuunguza. "Alikuwa amekonda hivyo tangu lini?"

"Miaka miwili, sonara anasema."

"Sikumwona. Nilikuwa nikija naishia mlangoni, namwangalia mikono tu."

Sajini alirudi, akasimama mlangoni karibu na gauni, hajui mikono yake aiweke wapi. Inspekta alitoa karatasi za maelezo na kuziweka gotini. Kulikuwa na jambo moja ambalo jalada lingelihitaji, na aliliuliza kama alivyouliza watu wengine mamia.

"Mlikuwa kwenye ngazi. Kwa nini mlitoka chumbani?"

"Alitoka yeye. Nilikuwa nimeambiwa nije jioni, nikaja asubuhi, nimechoka kupangiwa saa. Akanitilia chai, nikasema sitaki chai yako, nataka changu leo. Akaniangalia hivi, akacheka kidogo. Akachukua mkoba, akavaa viatu. Mimi nikamfuata, nikamshika mkono akiwa ameshashuka ngazi mbili."

"Alisema nini?"

Mwalimu alijifuta uso kwa kiganja.

"Alisema, 'Niache niende basi, ndiyo nakwenda kukuletea.' Nikamwambia, 'Unanikimbia tena.'"